Kumpiga picha punda wa kuuzwa ili mnunuzi aliye mbali amwone sawasawa

Kazi yangu ni uganga wa mifugo hapa Tabora, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikiombwa jambo ambalo halikuwamo katika masomo yangu, yaani kuwapiga picha punda ambao wenyewe wanataka kuwauza. Mnunuzi yuko Nzega, Igunga au Urambo, anahitaji mnyama wa kuvuta mkokoteni au kubeba maji, naye huamua kwa kutazama simu kama atafunga safari au la. Kwa hiyo picha lazima imwoneshe yale ambayo angeyakagua kama angekuwa amesimama zizini: miguu, kwato, mgongo na mwendo.

Niliwahi kumpiga picha punda jike akiwa ndani ya majani marefu, kwa sababu ukijani wa masika ulinipendeza. Majani yale yalificha kwato zilizokuwa zimerefuka na kupinda. Mnunuzi alisafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Nzega, akainama, akazitazama, akarudi kwao mikono mitupu, na nauli yake ikawa imepotea kwa kosa langu. Tangu siku hiyo humsimamisha mnyama kwenye ardhi ngumu, tambarare, iliyofagiliwa. Kwato za punda husimama wima zaidi kuliko za farasi, na anayezijua huangalia kama mstari wa mbele wa ukwato unafuatana na ule wa kifundo kilicho juu yake. Mistari hiyo ikipishana, mwenye mnyama amtafute mtu wa kuzipunguza kwanza, kisha ndipo aniite.

Katika picha nyingi ninazotumiwa, aliyepiga alikuwa karibu mno na juu mno. Punda wetu ni wafupi, wengi wao hawafiki mita moja na robo mabegani, hivyo mtu mzima akiishika simu usawa wa macho yake humpiga mnyama kutoka juu, na miguu huonekana mifupi huku mgongo ukionekana mpana kuliko ulivyo. Piga goti mpaka simu iwe usawa wa katikati ya ubavu. Kisha rudi nyuma hatua nane au kumi na uikuze picha mara mbili, kwa kuwa lenzi ya kawaida ya simu huchukua eneo pana, na ukiisogeza karibu, kila kilicho jirani nayo huonekana kikubwa kupita kiasi: ukiwa upande wa kichwa, kichwa hujaa picha na nyonga husinyaa kama za mtoto wa punda. Simama mkabala na katikati ya mwili, uhakikishe miguu yote minne inaonekana, ile ya upande wa pili ikiwa imetangulia au imebaki nyuma kidogo. Piga pande zote mbili, mbele na nyuma.

Kuhusu mwanga, Tabora ina mambo yake. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Tena, kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi, hufika kileleni karibu saa 7, si saa 6. Wakati huo mgongo hung'aa mno na tumbo na miguu huwa giza. Mimi hupiga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, jua likiwa nyuma ya bega langu. Wengi hukimbilia kivuli cha miembe, ambayo mji huu umejaliwa kuwa nayo kwa wingi, lakini mwanga unaopenya kwenye majani huacha madoa mwilini, na mnunuzi huyadhania kuwa ni ugonjwa wa ngozi.

Punda hushikamana sana na mwenzake, na ukimtenga hupata wasiwasi, hulia na hukataa kutulia. Mwenzake afungwe karibu, nje ya picha. Msaidizi akitikisa mahindi kidogo ndani ya kopo, masikio husimama kuelekea mbele, na hapo ndipo nabonyeza.

Vidonda vya tandiko mgongoni na mabegani vipigwe picha kwa karibu, bila kupakwa mafuta ya kuvificha. Meno ya mbele yaoneshwe pia, kwa kuwa punda huwa amekamilisha yale ya kudumu anapofikia miaka 5 hivi. Ongeza video ya nusu dakika akitembea kwa kamba iliyolegea, kwenda na kurudi, kisha tuma picha kwa WhatsApp kama hati ili zisipunguzwe ubora.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini hofu ya punda wao kuibwa kwa ajili ya ngozi hizo haijawatoka wafugaji ninaowahudumia. Kwa sababu hiyo mimi huzima kwenye simu kile kinachorekodi mahali picha ilipopigwa. Na anapotokea mnunuzi asiyeuliza habari za kwato wala mwendo, bali idadi ya punda tu, humwomba mwenye mnyama asimtumie picha kabisa.