Jiko la moshi: joto linatoka wapi, na moshi unatoka wapi?

Jiko la moshi ni chombo cha kuivisha nyama polepole, kwa joto la chini, katikati ya moshi wa kuni unaopita na kutoka. Nyama haikai juu ya ndimi za moto. Inakaa pembeni au juu sana, mahali ambapo hewa ya moto inaizunguka pande zote, kwa kawaida kati ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi. Pande dogo huchukua saa 2 au 3, na pande kubwa lenye mifupa na mafuta huweza kuchukua saa 12 na zaidi. Jiko la kuchomea nyama ni kitu kingine kabisa: hilo hupita nyuzi 200 na kumaliza kazi kwa dakika chache.

Kuna pia kukausha kwa moshi baridi, chini ya nyuzi 30 hivi, ambako nyama au samaki haivi kabisa na hulindwa na chumvi iliyopimwa kwa uangalifu. Hiyo ina hatari zake na vifaa vyake, na siiingizi hapa. Hapa nazungumzia moshi moto wa uani.

Kwa nini mtu ajisumbue saa zote hizo? Kwa sababu ya kolajeni, ile nyuzi ngumu inayofunga misuli ya bega, ya kidari na ya miguu. Ukiipika haraka, hukaza na kuwa mpira. Ukiiweka juu ya nyuzi 70 kwa muda mrefu, huyeyuka taratibu na kuwa jelatini, na nyama iliyokuwa haitafuniki huchambuka kwa vidole. Ndiyo maana wapishi wa moshi hupenda pande ngumu, na huzitoa jikoni joto la ndani likiwa limefika nyuzi 90 hadi 96, juu sana ya kiwango ambacho kingetosha kuifanya salama. Jiko la moshi si la mnofu laini. Huo utaharibika humo.

Sasa tuje kwenye nishati, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Huulizana gesi au mkaa, umeme au kuni, kana kwamba ni suala la ladha tu. Mimi naona swali hilo linakuwa jepesi ukikumbuka kwamba jiko la moshi lina kazi mbili: kutoa joto na kutoa moshi. Kwa kila jiko unalolitazama, uliza joto linatoka wapi, moshi unatoka wapi, na nani anasimamia hewa. Majibu hayo yatakueleza zaidi kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye kasha.

Kwanza moshi wenyewe. Mbao zinapopashwa joto, selulosi na hemiselulosi huvunjika na kutoa vitu vinavyoipa nyama rangi ya kahawia na harufu yenye utamu. Lignini, ambayo ndiyo gundi ya mti, hutoa fenoli kama gwayakoli na siringoli, na hizo ndizo ladha na harufu tunayoiita ya moshi. Moto unaopata hewa ya kutosha huzitoa kwa kipimo kizuri, na moshi wake ni mwembamba, wa samawati, karibu hauonekani. Moto uliobanwa hewa hutoa moshi mweupe mzito uliojaa kreosoti, unaoganda juu ya nyama kama lami na kuacha uchungu mdomoni. Wageni wa kazi hii huuona moshi mweupe wakadhani mambo yamenoga. Hayajanoga. Fungua tundu la hewa.

Katika jiko la kuni, joto na moshi vinatoka kwenye moto mmoja. Umbo lake la kawaida ni pipa refu la chuma lililolazwa, chemba ya moto imeungwa ubavuni, na dohani iko upande wa pili ili moshi uvutwe kupita kwenye nyama. Moto unaotakiwa ni mdogo na mkali, wenye mwali, unaolishwa kipande cha kuni kila baada ya nusu saa au saa nzima. Kuni ziwe zimekauka hadi unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Mbichi, ambazo karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, hupoteza joto kwa kujikausha na kujaza jiko moshi mchafu. Miti migumu kama mwaloni, na miti ya matunda kama mtufaha, hufaa. Misonobari na jamaa zake wenye utomvu mwingi haifai, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa: hizo ni sumu, basi.

Ladha ya nyama ya jiko hili haina mpinzani, na nalisema hilo bila kusita. Lakini linakudai siku yako nzima. Na ubora wake umo kwenye unene wa chuma: ukuta wa milimita 6 hushika joto na kusamehe moto unaopanda na kushuka, ilhali bati jembamba hupoa kila upepo unapopita. Kama huwezi kupata la chuma kinene, ni heri uchague aina nyingine kuliko kununua la bati.

Mkaa uko katikati, na kwangu ndio njia bora ya kuanzia. Mkaa ni mti uliokwisha kuchomwa kwa hewa kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya vitu vinavyofanya moshi imeshaondoka. Kilichobaki ni joto: kilo moja ya mkaa hutoa karibu mara mbili ya joto la kilo ya kuni kavu. Moshi unauongeza mwenyewe, kwa kufukia vipande vitatu vinne vya mbao ngumu, vya ukubwa wa ngumi, ndani ya mkaa. Hapo tayari kazi zile mbili zimeachana kidogo, na ndiyo sababu jiko la mkaa ni rahisi kulitawala.

Hewa ndiyo usukani. Matundu ya chini yanaamua moto uwake kiasi gani, na la juu huachwa wazi ili moshi usituame. Umwagiapo mkaa mwingi ambao haujawashwa na kuweka juu yake makaa machache yaliyokolea, moto hutambaa polepole kutoka kipande hadi kipande, na jiko lililozibika vizuri huweza kwenda saa 8 na zaidi bila kuongezwa kitu. Usiliache lipite kiwango unachotaka. Ni rahisi kupandisha joto, ni vigumu sana kulishusha. Anza kufunga matundu likiwa bado nyuzi 15 au 20 chini ya lengo.

Mkaa wa vipande vya mti huwaka kwa ukali, huitikia hewa haraka na huacha majivu machache, lakini vipande vyake havilingani. Briketi, yaani mkaa wa unga ulioshindiliwa kwa wanga, zinalingana na huwaka kwa utulivu, ila majivu yake ni mengi na huweza kuziba matundu katikati ya safari. Kwa upishi mrefu mimi huchagua utulivu. Zile zilizolowekwa mafuta ya kuwashia ziache, maana harufu ya mafuta haimwachi mtu.

Majiko ya mkaa yana maumbo mengi. Pipa la kusimama lenye bakuli la maji kati ya moto na nyama ni rahisi kutumia, kwani maji yale huzuia joto lisirukeruke. Jiko la kauri lenye umbo la yai, lenye asili ya Japani, hushika joto kupita yote na hula mkaa kidogo, lakini ni zito na hupasuka likianguka.

Kisha kuna peleti. Hizi ni punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, kipenyo chake kama milimita 6, na jiko lake lilizaliwa Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa Joe Traeger. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kutoka kwenye tangi hadi kwenye kikombe cha moto, feni hupuliza hewa, na kompyuta ndogo husoma joto na kuamua punje ngapi ziingie. Joto na moshi vinatoka kwenye mbao ileile, kama kwenye jiko la kuni, ila anayesimamia hewa ni mashine. Unaweza kulala. Gharama yake ni kwamba moto unaopulizwa vizuri namna hiyo huunguza karibu kila kitu, na moshi unakuwa hafifu. Ukitaka zaidi, pika kwa joto la chini kabisa saa za mwanzo, nyama ikiwa bado baridi na mbichi juu, kwani uso wenye unyevu hunasa moshi vizuri. Peleti zikilowa hurudi kuwa unga na kuziba parafujo. Umeme ukikatika, upishi umekatika.

Gesi na umeme hutenganisha kazi mbili kabisa. Katika jiko la gesi, kichomeo cha chini hupasha trei ya vibanzi vya mbao, vinavyofuka bila kushika moto. Linawaka mara moja na halihitaji soketi, lakini upepo huweza kuuzima moto mdogo, na baadhi yake hayashuki vizuri chini ya nyuzi 120. Kabla ya kila msimu, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira; yakitoa mapovu, gesi inavuja. Jiko la umeme ni kabati lenye koili ya kupasha joto, trei ya vibanzi vya kutoa moshi, na thamostati, yaani kidhibiti cha joto. Hushikilia joto kwa usahihi kuliko yote, ila mengi hayafiki mbali zaidi ya nyuzi 135, kwa hiyo ngozi ya kuku haikauki ikawa kavu na ya kuvunjika. Pia kwa kawaida halitoi ile pete ya waridi chini ya uso wa nyama, kwa kuwa pete hiyo huhitaji gesi za moto, yaani oksidi ya nitrojeni na kaboni monoksidi, zishikane na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake. Pete haina ladha yoyote, kwa hiyo usimnyime mtu jiko la umeme kwa sababu hiyo. Mtu asiye na uwanja wa kuwasha moto atapata humo nyama laini kabisa.

Vibanzi, kwa njia, havihitaji kulowekwa. Mbao iliyolowa hutoa mvuke hadi maji yaishe, ndipo ianze kufuka. Umechelewesha moshi tu.

Jiko lolote utakalochagua, usiamini kipimajoto cha kwenye kifuniko. Kiko juu, mbali na nyama, na huweza kupishana na wavu kwa makumi ya nyuzi. Nunua chenye waya mbili, mmoja kwa wavu na mmoja kwa ndani ya nyama. Huo wa ndani utakuonyesha jambo linalowatia wengi kiwewe: joto la nyama hupanda, kisha hufika nyuzi 65 hadi 75 likagoma kwa saa kadhaa. Jiko halijaharibika. Ni unyevu unaotoka juu ya nyama na kuipoza, kama jasho. Subiri, au ifunge nyama kwa karatasi ya alumini. Kuku afike nyuzi 74 ndani kabla hajaliwa.

Mkaa, kuni, peleti, gesi, na hata vibanzi vinavyofuka ndani ya jiko la umeme, vyote hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Jiko likae nje kabisa, si gereji wala baraza iliyozibwa, hata mvua ikinyesha. Na likifika nyumbani, liwashe tupu saa 2 au 3 lichome mafuta ya kiwandani, ukiwa umesimama kando unatazama moshi unatokea wapi. Ukipenya kwenye mlango na viungo badala ya dohani, ziba mianya hiyo kwa utepe wa kuhimili joto kabla ya kuweka nyama ya kwanza.