Dola kuhodhi silaha: maana yake ukiitazama kutoka Lamu

Kuhodhi silaha ni dhana ya siasa isemayo kwamba ndani ya mipaka ya nchi, serikali peke yake ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya nani abebe bunduki, aitumie lini, na amjibu nani akishaua mtu. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, ndiye aliyeipa umaarufu kwa mhadhara wake wa mwaka 1919. Haina maana kwamba raia hawezi kuwa na bunduki. Kenya wapo wanaozimiliki kihalali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ila kwa leseni, na baada ya kuonyesha sababu ya kutosha. Bunduki za kivita kama AK-47 na G3 hazimo kwenye hesabu hiyo.

Anayeichanganya picha ni askari wa akiba, ambaye wengi bado wanamwita KPR (Kenya Police Reserve) ingawa jina rasmi siku hizi ni NPR (National Police Reserve). Ni mwanakijiji aliyejitolea: mchana yuko shambani kwake, usiku analinda kijiji na bunduki ya serikali. Kikosi hicho kilianzishwa na wakoloni mwaka 1948, na leo kimo katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Ukitazama haraka utasema serikali imegawa nguvu zake kwa raia. Mimi naona kinyume. Bunduki ile ni ya kuazimwa, na amri ikitoka lazima irudi. Mwaka 2019 askari wa akiba wa Bonde la Ufa Kaskazini walitakiwa kurudisha silaha zao ili wapigwe msasa upya, wakazirudisha. Wezi wa mifugo, bila shaka, hawakurudisha zao.

Na hapo ndipo dhana inapopwaya. Serikali ikishamkataza raia asijilinde kwa bunduki, imejifunga kufika inapoitwa. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 wavamizi waliingia Mpeketoni, mji wa kaunti ya Lamu, wakaua, wakachoma nyumba na hoteli, wakatamba kwa saa nyingi. Usiku uliofuata wakarudi vijiji vya jirani. Watu wapatao 60 walikufa. IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, ilikosoa vikali jinsi vyombo vya usalama vilivyokabiliana na shambulio lile. Operesheni kubwa ya kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab katika Msitu wa Boni, ulio jirani, ilianza mwaka uliofuata. Kwa hiyo mkaazi wa sehemu za Lamu kama Hindi, Witu au Pandanguo anapodai askari wa akiba waongezwe, hatafuti ubavu wa kupambana na serikali. Anataka iwepo, hata kama ni kwa sura ya jirani yake.

Lamu iliwahi kulipima jambo hili zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 watu wake walilishinda pale Shela jeshi la kisiwa jirani cha Pate na la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Kisha, kwa hofu ya kulipiziwa kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Walinzi wakaja, na pamoja nao utawala. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walikwenda mbali zaidi: Mkataba wa Brussels ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu magobori tu. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na bunduki kweli zilikuwa zikiichochea. Lakini majeshi ya wakoloni hayakupewa magobori.

Marekani wamelijengea jambo hili hoja tofauti. Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa ni haki ya mtu binafsi. Wapo huko wanaoamini kwamba serikali hujichunga ikijua raia wana bunduki. Hoja hiyo si ya kipuuzi kwa anayekumbuka ukoloni, ila sioni ushahidi wake hapa kwetu. Waliofaulu kuibana serikali Lamu hawakuwa na bunduki. Wavuvi walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi kuhusu ujenzi wa bandari, na Aprili 2018 ikaamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, wapinzani wa mradi wa umeme wa makaa ya mawe walishinda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na leseni ya mradi ikafutwa.

Kesi za namna hiyo huchukua miaka; ile ya wavuvi ilifunguliwa 2012. Anayelala karibu na msitu hana muda huo, na mahakama haimsaidii na mtu anayekuja usiku.