Kombania ya mizinga mizito ya kutungulia ndege: jinsi Ujerumani ilivyoipanga, 1939–1945

Wanaosoma habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi wameusikia mzinga wa Wajerumani wa sentimita 8.8, yaani upana wa tundu la mtutu wake. Ulivuma zaidi kwa kuvunja vifaru katika jangwa la Afrika Kaskazini, ingawa uliundwa kutungua ndege. Kwa kazi hiyo ya pili, mzinga mmoja peke yake haukufua dafu. Iliyopigana ni kombania nzima, yaani mizinga kadhaa pamoja na watu na vyombo vyake, nayo ilitegemea mashine ya kukokotoa kuliko kitu kingine chochote.

Ndege ya kilomita 400 kwa saa husogea zaidi ya kilomita 1 kila sekunde 10. Ukilenga pale ilipo, kombora litafika imeshapita. Ni lazima upige pale itakapokuwa, tena kombora lipasuke katika kimo hichohicho, kwa kuwa fyuzi yake, kifaa cha kulilipua, ilikuwa ya saa na ilitegwa kabla ya kufyatua.

Hesabu hiyo ilifanywa na Kommandogerät, chombo chenye kipimamasafa cha upana wa mita 4 kilichounganishwa na mashine ya kukokotoa. Toleo la 36 lilihitaji watu zaidi ya 10. Toleo la 40 likatosheka na 5. Majibu matatu, yaani mwelekeo, mwinuko wa mtutu na muda wa fyuzi, yalipita kwenye nyaya hadi kila mzinga. Pale mzingani, askari namba 1 aliinua mtutu, namba 2 akauzungusha, namba 6 akatega fyuzi, na namba 3, mwenye glavu nzito ya ngozi, akashindilia kombora. Wengine walipokezana kuleta makombora. Wakizoeana vizuri waliweza kupiga mara 15 hadi 20 kwa dakika.

Usiku au penye mawingu kipimamasafa hakikuona kitu, ndipo rada ya Würzburg, yenye sahani ya mita 3, ikachukua nafasi yake. Waingereza waliupata udhaifu wake. Usiku wa Julai 24, 1943, wakielekea Hamburg, walimwaga angani vipande vingi mno vya karatasi yenye alumini, vilivyokatwa kulingana na mawimbi ya rada hiyo. Wenye rada walioneshwa shabaha tele zisizokuwepo, na mizinga ikabaki kupiga kwa kubahatisha.

Yote haya yalikuwa chini ya jeshi la anga, Luftwaffe. Mwanzoni kombania ilikuwa na mizinga 4, pamoja na mizinga midogo ya milimita 20 ya kujilinda na ndege zinazoruka chini. Ndege zilipozidi wingi, idadi ikapanda hadi 6, kisha 8, na kombania mbili au tatu zikawekwa pamoja. Mizinga mikubwa zaidi pia iliongezwa: wa sentimita 10.5, na wa 12.8 ambao kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi. Mizinga pacha ya 12.8 iliwekwa juu ya minara ya zege ya Berlin, Hamburg na Vienna.

Chuma kiliongezeka, watu wakapungua, kwa sababu wanaume walihitajika uwanja wa vita wa mashariki, dhidi ya Wasovieti. Kuanzia Februari 1943, wanafunzi wa sekondari waliozaliwa 1926 na 1927 walitolewa madarasani wakapelekwa kwenye vyombo vya kulengea na mizingani. Walimu wakawa wanawafuata kombaniani kuwafundisha. Mateka wa Kisovieti nao walibebeshwa makombora, jambo lililokiuka sheria za vita. Wanaoshabikia mzinga huu kwa ubora wake wa kiufundi hupita haraka sehemu hii, na mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote: vyombo vile sahihi vilikuwa mikononi mwa watoto wa miaka 15 na 16, na kombania zao zenyewe zilikuwa shabaha ya mabomu. Baadhi yao waliuawa papo hapo kwenye mizinga yao.