Je, daktari huijuaje tezi ya kwanza kwapani?

Kwapani mna tezi za limfu kama 20 hivi, wengine huwa nazo 30 na zaidi, zimejificha ndani ya mafuta, moja kubwa kama harage, nyingine ndogo kama punje ya dengu. Kwa macho zinafanana. Hata hivyo, mwanamke mwenye saratani ya titi iliyo katika hatua za mwanzo akifanyiwa upasuaji, daktari hutoa moja, mbili au tatu tu, kisha hushona. Amejuaje kuwa ni hizo?

Limfu, yaani majimaji yanayotiririka kutoka kwenye tishu za mwili, haisambai ovyo. Hufuata mifereji, na mifereji mingi ya titi huingia kwanza katika tezi moja au chache kabla ya kuzifikia nyingine. Hiyo ya kwanza huitwa tezi mlinzi. Mimi ningeiita bawabu, maana sifa yake ni kukaa mlangoni tu. Chembe ya saratani ikitoroka titini kuelekea kwapani, kwa kawaida hupita kwake kwanza. Bawabu akiwa safi, wa ndani nao mara nyingi ni safi.

Hapa wengi huchanganya mambo. Vipimo vya kumtafuta bawabu havionyeshi saratani, vinaonyesha njia. Saratani yenyewe hutafutwa baadaye na mtaalamu wa patholojia, kwa hadubini.

Njia isiyohitaji mashine ni rangi ya buluu, ambayo Armando Giuliano na wenzake wa California waliandika kuihusu mwaka 1994. Hudungwa karibu na chuchu au karibu na uvimbe, titi likasuguliwa kwa dakika chache, kisha daktari hupasua kwapa na kuufuata mfereji wa buluu mpaka kwenye tezi. Buluu ya methilini ni ya bei nafuu, kwa hiyo hospitali isiyo na kitengo cha tiba ya nyuklia, kile kinachotumia dawa zenye mionzi, inaweza kuitumia. Ina vituko vyake. Mgonjwa anaweza kukojoa mkojo wa kijani, na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hudanganyika, kikaonyesha imeshuka ilhali mtu anapumua vizuri.

Mwaka 1993 David Krag wa Marekani alikuwa ameonyesha njia nyingine: kudunga dawa yenye mionzi hafifu. Siku hizi ni teknesiamu-99m. Kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, hupiga picha, na bawabu hujitokeza kama doa kwapani; picha hiyo ikiunganishwa na ya CT, daktari hujua pia yuko kina gani. Kwenye chumba cha upasuaji hupitisha juu ya ngozi kifaa kama kalamu nene, ambacho mlio wake huzidi kadiri kinavyoikaribia tezi. Tatizo ni kwamba nguvu ya teknesiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Si dawa ya kuagiza na kuweka stoo.

Zipo na mpya zaidi. Kijani cha indosianini hung'aa chini ya kamera ya infraredi, mfereji ukaonekana kwenye skrini kama uzi mweupe chini ya ngozi, lakini mwanga wake hupenya kama sentimita 1 tu, kwa hiyo kwapa lenye mafuta mengi huuficha. Chembechembe za chuma hutafutwa kwa kifaa cha sumaku bila mionzi yoyote, ila zinaweza kubaki titini muda mrefu na kuharibu picha za MRI.

Kwa nini jasho lote hili? Kwa sababu zamani tezi zote za kwapa zilitolewa, na wanawake wengi wakabaki na mkono uliovimba, limfu ikiwa imekosa njia. Utafiti wa B-32, ulioandikisha wanawake 5,611, ulionyesha mwaka 2010 kwamba bawabu akiwa safi, kuziacha tezi nyingine hakupunguzi maisha. Katika utafiti huohuo, kati ya wanawake ambao saratani ilishaingia kwapani, takriban 1 katika 10 bawabu wake alionekana safi. Na hapo rangi na teknesiamu zilitumika kwa pamoja, kama wafanyavyo madaktari wengi.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa SOUND, ulioongozwa kutoka Milan. Wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao ultrasaundi haikuona dosari kwapani, waligawanywa: wengine wakatolewa tezi mlinzi, wengine hawakuguswa kwapa kabisa. Baada ya miaka 5, asilimia 97.7 ya kundi la kwanza na 98.0 ya kundi la pili walikuwa hai bila saratani kusambaa mbali. Kwa wanawake wa aina hiyo, baadhi ya madaktari sasa hawamtafuti bawabu hata kidogo.