Kusafisha picha ni kufanya nini hasa?

Kukarabati picha ni kuondoa madoa, mikwaruzo na mipasuko, siku hizi kwenye nakala iliyoskaniwa. Kuhifadhi ni kuilinda picha yenyewe isizidi kuharibika. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi uko kwenye "kusafisha", neno ambalo kuanzia Mbeya hadi Iringa limebebeshwa kazi zote mbili, na ya tatu isiyo yake: kupangusa kwa maji.

Wazee waliposema "nimepeleka mkanda ukasafishwe" hawakuwa na maana ya kufuta uchafu. Mkanda, yaani filamu ya kamera, ulitiwa dawa gizani mpaka taswira itokee, kisha picha zikachapwa. Neno lilifaa, maana kazi yenyewe ilikuwa ya maji: dawa ya kutoa taswira, dawa ya kuituliza isiendelee kubadilika, halafu kusuuza. Karatasi nene za zamani zilisuuzwa hata saa nzima kwenye maji yanayotiririka, kwa sababu dawa ikibaki, picha hugeuka njano miaka inavyokwenda. Unjano wa picha ya babu mara nyingi ndio huo. Si vumbi, na haufutiki.

Leo mtu akisikia picha husafishwa, anachovya kitambaa kwenye maji, anapangusa, na sura ya babu inabaki kwenye kitambaa. Inauma sana, maana mara nyingi picha hiyo haina nyingine. Taswira ya picha nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha zilizoshikiliwa na jelatini, aina ya gundi inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ilipokuwa mpya ilistahimili maji. Ikishaliwa na ukungu, maji huiyeyusha. Na Tukuyu, Makete au Mufindi ukungu tunao wa aina zote mbili, wa mlimani na wa kuotea vitu. Huu wa pili hushamiri unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi. Unyevu huohuo huinatisha picha kwenye kioo cha fremu. Ikinata usiibandue, iskani hivyohivyo na kioo chake.

Vumbi kavu huondolewa kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni, baada ya kuskani wala si kabla. Kuskani, nukta 600 kwa inchi zinatosha, picha ya pasipoti 1200. Ukibanduka utando wa jelatini wenye taswira, hata kwa brashi usiiguse. Usiilaminishe: joto na gundi havirudi nyuma. Itie kwenye bahasha ya karatasi, mbali na moshi wa kuni na ukuta unaopigwa na mvua, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli, pembeni, bila kukandamiza.

Kwa hiyo ukifika studio na picha ya bibi, usiseme "nisafishie". Sema: "Fundi, naomba uiskani, ukarabati nakala, hii yenyewe unirudishie kama ilivyo." Kusafisha tuuachie mkanda.