Kitabu ni chako, kufuli si lako

Siku ya pili ya harusi tumekaa uani, sinia la biriani halijafika nusu, kijana wa binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, akaniinamia: "Shangazi, kitabu cha kidijitali nimekinunua kwa pesa yangu. Nikikitoa loki nikisome kwenye tableti nyingine, simuuzii mtu, kosa langu liko wapi?"

Ni mtu wa tatu mwezi huu. Na wote watatu huuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu. Basi naandika hapa, wa nne nimtumie linki nile kwa raha.

Kunakili ni kosa moja, kuvunja kufuli, yaani kile kizuizi cha kidijitali ambacho muuzaji hufungia kitabu, ni jingine. Sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali, DMCA, iliyatenga makusudi: ukiukaji wa hakimiliki una sura yake, na kifungu cha 1201 kinachozungumzia kufuli kimekaa sura nyingine kabisa. Kwa hiyo "sikuuza, sikugawa" ni jibu la swali ambalo hukuulizwa. Muulize Dmitry Sklyarov. Mrusi huyu mwandishi wa programu alikamatwa Las Vegas Julai 2001 baada ya kutoa mada kwenye mkutano, kwa sababu ya programu iliyofungua vitabu vya Adobe, ambayo kampuni aliyoifanyia kazi, ElcomSoft, ilikuwa ikiuza. Hakushtakiwa kunakili hata ukurasa mmoja. Alilala rumande wiki tatu kwa ajili ya ufunguo. Kampuni iliachiwa na jopo la raia Desemba 2002, lakini wiki tatu zile hakurudishiwa na mtu.

Kijana akaniletea pia hoja ya matumizi halali, yaani kwamba sheria humruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi bila kumwomba. Sikumngoja amalize. Katika kesi ya DeCSS, ile programu ya kufungua DVD, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilisema mwaka 2001 kwamba matumizi halali hayakupi haki ya kunakili kwa njia uipendayo wewe. Unataka kipande cha filamu? Elekeza kamera kwenye skrini. Naam, majaji waliyaandika hayo wakiwa timamu.

Sasa tufike panaponichemsha. Watu husoma magazetini kwamba Marekani "imeruhusu" kufungua hiki au kile, wanashangilia, hawasomi zaidi. Ni kweli, kila baada ya miaka mitatu tangu 2000, Mkutubi wa Kongresi, yaani mkuu wa Maktaba ya Kongresi, hutoa orodha ya ruhusa za kufungua kufuli. Mwaka 2003 wasioona waliruhusiwa kufungua vitabu ambavyo kufuli lake lilizuia kompyuta kuvisoma kwa sauti, mradi hakuna toleo jingine la kidijitali lisilo na kizuizi hicho. Vizuri. Lakini ruhusa hufa baada ya miaka mitatu, na wasioona walirudi kuomba tena, kana kwamba macho yangeota kati ya ombi na ombi. Mwaka 2010 Msajili wa Hakimiliki, anayemshauri Mkutubi, alipendekeza wanyimwe. Mkutubi akawapa hata hivyo. Tangu 2018 kuhuisha ruhusa kumekuwa rahisi kidogo, na nashukuru.

Hata hivyo, ruhusa hizi hugusa tendo tu. Kutengeneza chombo cha kuvunjia, kukiuza, kukigawa hata bure, bado ni marufuku. Yaani umeruhusiwa kukuna nazi, ila ni kosa mtu kukuuzia mbuzi, ni kosa jirani kukuazima mbuzi, na fundi akikuchongea mbuzi anashtakiwa yeye. Kuna haja gani? Mtu asiyeona, mwalimu mstaafu, anatarajiwa akae chini ajiandikie mwenyewe programu ya kuvunja usimbaji! (Kifungu kina misamaha michache ya kudumu, ya watafiti wa usalama na wengineo, naipita.) Kwa simu ndipo sheria ilipokumbuka fundi. Ruhusa ya kutoa loki ya mtandao, ili simu ikubali laini ya kampuni nyingine, ilikuwepo tangu 2006, ikaondolewa kwa simu zilizonunuliwa baada ya 26 Januari 2013, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini ombi kwa White House, na sheria ya Agosti 2014 ikairudisha, ikisema wazi kwamba mwenye simu anaweza kumwagiza mtu mwingine amfanyie. Sheria hiyo haikumpa mwenye kitabu bahati hiyo.

Na mimi pia nina pa kukwama. Mwaka 2004, katika kesi ya rimoti za milango ya gereji, mahakama moja ya rufaa ilisema lazima kuvunja kufuli kuhusiane na ukiukaji wa hakimiliki, la sivyo hakuna kosa. Mwaka 2010 nyingine, katika kesi ya mchezo wa kompyuta, ikasema hapana, maneno ya sheria hayadai hivyo. Dhamiri yangu iko na ya gereji. Nikiisoma sheria yenyewe neno kwa neno, naogopa ya pili ndiyo iliyosoma sawasawa. Nimewahi kushikilia yote mawili ndani ya wiki moja.

Sisi Kenya, kwa wanaouliza, hatukuyatenga makosa haya mawili hivyo: sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inahesabu kukwepa kufuli kuwa ukiukaji wa hakimiliki wenyewe. Hilo lina mambo yake, nitaliandikia siku nyingine.

Nilimwambia kijana ukweli: sijaona msomaji mmoja akiburutwa kortini kwa kitabu alichokinunua mwenyewe. Wanaotafutwa ni wenye mbuzi. Akatulia, akanyofoa nyama, kisha: "Sawa shangazi. Sasa hiyo programu naipakua wapi?"

Nikamwomba anisogezee kachumbari.