Kabla ya Kuuliza "NEMA Wako Wapi?": Kazi na Muundo wa Mamlaka ya Mazingira kwa Mkazi wa Mombasa

Katika mabaraza ya wananchi, iwe Likoni, Kisauni au Jomvu, hakosi mtu wa kusimama na kuuliza kwa hasira ni kwa nini NEMA haijaja kuzoa taka zilizorundikana kando ya soko, au kuzibua mtaro unaomwaga maji machafu hadi kizingitini mwa nyumba yake. Hasira yake ni ya haki, ila hodi ameipiga nyumba ya jirani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa na kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele. Kwa hiyo gari linalotarajiwa kupita Kongowea au Marikiti alfajiri ni la kaunti, na jaa la Mwakirunge ni dhamana ya kaunti, kama lilivyokuwa lile la Kibarani, ambalo kwa miaka mingi lilimlaki kwa moshi na uvundo kila msafiri aliyeingia kisiwani kupitia Makupa, kabla halijafungwa na mahali pake kugeuzwa bustani.

Je, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi wetu twaiita NEMA, ina kazi gani basi? Jibu limo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyopitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000, na jina la sheria hiyo lenyewe limeshasema nusu ya jambo. Kabla yake, mazingira ya Kenya yaligawanywa katika makumi ya sheria zilizotungwa kila moja kwa shughuli yake: misitu ilikuwa na sheria yake, maji yake, uvuvi wake, afya ya jamii yake, na hapakuwa na chombo kimoja chenye uwezo wa kuzitazama zote kwa pamoja na kusema kwamba hapa mmoja anabomoa alichojenga mwenzake. NEMA, iliyoanza kazi rasmi tarehe 1 Julai 2002, iliundwa ili kuziba pengo hilo. Sheria inaitaka isimamie na kuratibu mambo yote ya mazingira, na iwe mkono mkuu wa serikali katika kutekeleza sera zake. Haikuundwa ili ichukue kazi za wengine.

Tuchukue mfano wa mikoko ya hori la Tudor, kwa kuwa hapo ndipo uratibu unapoonekana kwa macho. Mkoko uliosimama ni mti wa msitu, kwa hiyo Huduma ya Misitu ya Kenya ina neno juu yake. Samaki wanaozaliana kwenye mizizi yake ni wa idara ya uvuvi, na utafiti wa maji na viumbe wake hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, yenye makao yake makuu papa hapa Mombasa. Maji machafu yanayoteremka kutoka makazi ya juu yanazihusu kaunti na taasisi za maji. Mafuta yakimwagika kutoka chomboni, Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Masuala ya Bahari zote mbili zina wajibu wa kuchukua hatua. Ukivuka ukaingia katika eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, umeingia mikononi mwa Huduma ya Wanyamapori. Taasisi hizi zote, kila moja kwa sehemu yake, sheria inazihesabu kuwa zenye dhamana ya mazingira, na NEMA imewekwa juu yao kama nahodha aliye na mabaharia ambao hakuwaajiri yeye na mishahara yao hailipi yeye.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yenyewe, na ni haki mwananchi aujue. Kifungu cha 12 cha sheria kinaipa NEMA uwezo wa kuiagiza taasisi yoyote kati ya hizo kutimiza wajibu wake, na ikikataa au ikizembea, NEMA inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe na kuidai gharama kama deni. Kwa maandishi ni uwezo mkubwa. Kwa vitendo, kuidai idara nyingine ya serikali si jambo linalofanyika kila siku, na mara nyingi barua huandikwa mara mbili tatu kabla ya lolote kutokea. Mwenye kulalamika hana budi kulijua hilo, ili asidhani kimya cha mwezi mmoja ni ushahidi kwamba barua yake imetupwa.

Muundo wa NEMA kwa ndani si wa kutatiza. Kuna bodi ya usimamizi, chini ya wizara inayohusika na mazingira. Kuna Mkurugenzi Mkuu ambaye ndiye mtendaji wa kila siku, makao yake yakiwa Nairobi. Na kuna afisi za kaunti, Mombasa ikiwemo, ambazo ndizo zinazopokea malalamiko na kutuma wakaguzi. Kando yake, katika kila kaunti, kuna Kamati ya Mazingira ya Kaunti inayoundwa na gavana na kutakiwa kuandaa mpango wa mazingira wa kaunti. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 ndiyo yaliyoondoa kamati za mikoa na wilaya na kuweka hizi za kaunti. Kamati hii haijulikani sana na wakazi, nasi tunaona hilo ni hasara, kwa sababu ndani yake mna nafasi za wawakilishi wa wakulima, wafanyabiashara na mashirika ya kijamii.

Sehemu ya kazi ya NEMA inayomgusa zaidi mkazi wa kawaida, na ambayo hutumiwa kidogo kuliko inavyostahili, ni leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kifungu cha 58 kinasema kwamba mradi ulio katika orodha ya sheria hauwezi kuanza kabla ya leseni hiyo kutolewa, hata kama mwenye mradi ana vibali vingine vyote mkononi. Hoteli ufuoni, kituo cha mafuta, kiwanda, barabara mpya, machimbo ya mawe, jengo la ghorofa nyingi: yote haya yamo, yakitofautishwa kwa ukubwa wa hatari yake. Mradi wa hatari ndogo au ya kati huhitaji ripoti fupi au pana ya mradi. Ule wa hatari kubwa huhitaji utafiti kamili. Ripoti hizi huandaliwa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, lakini wanaolipwa na mwenye mradi. Msomaji makini atauliza hapo hapo: anayelipwa na mwenye ngoma, ataacha kuicheza? Swali hilo ni la msingi, na ndiyo maana sheria haikuishia kwa mtaalamu.

Kinga iliyowekwa ni wewe. Mtaalamu analazimika kuwauliza majirani wa mradi maoni yao na kuyaweka katika ripoti. Kwa mradi unaohitaji utafiti kamili, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa eneo hilo kwa wiki mbili mfululizo, na kanuni za mwaka 2003 zinataka pia litangazwe redioni kwa lugha zinazoeleweka na watu wa mahali hapo. Tangazo husema ripoti inaweza kusomwa wapi, na maoni yapelekwe kabla ya siku gani. Tatizo ni kwamba mkutano wa maoni unapoitishwa katika ukumbi wa mtaa, wengi huenda, hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, hunywa soda, na kurudi nyumbani bila kuuliza kitu. Sahihi ile baadaye huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa. Ukienda, basi sema, na ukisema hakikisha kimeandikwa; na kama hukupata nafasi ya kusema, andika barua na uipeleke afisi ya NEMA ya kaunti kabla muda haujapita. Kumzuia mtu kuweka msingi ni rahisi kuliko kumvunjia ghorofa ya sita.

Leseni ikishatolewa huwa na masharti, na mwenye mradi hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira mara kwa mara ili ionekane kama anayatimiza. Wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kuingia kiwandani, kuchukua sampuli za maji au moshi, kukagua rekodi na, pale inapolazimu, kusimamisha shughuli. NEMA inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake, na inaweza kusimamisha au kufuta leseni. Kanuni zake zinagusa pia maisha ya mtaani kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za kelele za mwaka 2009, kwa mfano, zimeweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba katika eneo la makazi mchana, na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja. Mtu aliyezoea harusi zetu za Pwani, zenye vipaza sauti vinavyosikika mitaa mitatu mbali, atacheka kwanza, kisha ataelewa kwa nini jirani mwenye mgonjwa ndani ana hoja kisheria.

Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo, ndiyo iliyoipa NEMA jina hadi kwa watoto wa shule. Lakini kipimo halisi cha chombo hiki kwa watu wa Mombasa hakiko sokoni. Kiko Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni kijiji kilichoko Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014, vumbi, moshi na maji yake yalipeleka madini ya risasi katika udongo, katika mabati ya nyumba na katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe alipatikana na madini hayo mwilini, aliwaongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na mahali hapo pasafishwe, na miongoni mwa waliopatikana na hatia ya kuzembea ilikuwa NEMA yenyewe. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Tunaieleza kesi hii bila kuificha, kwa sababu elimu kwa umma inayozitaja nguvu za taasisi na kunyamazia makosa yake haimsaidii mtu. Inaonyesha kwamba leseni si karatasi tu: chombo kikiitoa, au kikimwacha mtu aendeshe kiwanda bila kuyatimiza masharti, chombo hicho nacho hujibu mahakamani.

Njia za kufuata ni hizi, nazo hazilingani. Taka, mtaro na moshi wa jirani vianze kaunti, kwenye afisi ya wadi au idara ya mazingira. Kiwanda, ujenzi ufuoni, ukataji wa mikoko au maji yenye kemikali yanayoingia baharini vipelekwe NEMA kwa maandishi. Ukiona NEMA yenyewe ndiyo inayozembea, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo sheria inairuhusu kuichunguza hata NEMA. Ukipinga leseni iliyotolewa, nenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na uende mapema, kwani rufaa ina siku 60 tu. Na juu ya yote haya kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mvuvi wa Tudor anaweza kushtaki kwa ajili ya hori.

Barua ya malalamiko haihitaji Kiingereza wala wakili. Taja mahali kwa alama inayojulikana, siku na saa uliyoona jambo, rangi au harufu ya kilichomwagwa, na ni upande gani maji yanaelekea wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, jambo ambalo wavuvi wetu wanalijua kuliko afisa yeyote. Ambatisha picha ukiwa nayo. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa, nawe urudi nayo nyumbani uiweke pamoja na hati zako nyingine.